Haraka ya Aprili, Subira ya Mei: Wakati wa Kupanda Maua Penye Baridi Kali



Huenda mtashangaa, mama zetu na dada zetu, kuona ukurasa wa bustani juma hili ukizungumzia nchi za theluji. Sisi wa pwani baridi yetu ni ile ya kusi ya mwezi wa Julai, na shali moja huitosha. Lakini nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu leo zina mtoto aliye ng'ambo, na binti anapojifungua huko, mama yake hufunga safari kwenda kumhudumia katika arubaini yake. Huko mama hukuta kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na mama wa pwani hawezi kukaa na ardhi tupu bila kupanda kitu chenye harufu. Kisa tutakachosimulia kilianzia hapo, na kilikaribia kuvunja ujirani.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alikwenda Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi wa Aprili. Alifika na uwatu wake na hiliki zake, akamkuta mjukuu ana siku tisa. Theluji ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Juma la mwisho la mwezi huo jua liliwaka, majirani wakatoka bila makoti, na duka moja kubwa likapanga nje meza za maua ya kila rangi. Mama na binti yake wakanunua miche, wakaongeza mirehani sita na mche mmoja wa asumini uliowagharimu fedha nyingi, wakapanda vyote kwa siku moja. Binti, ambaye tangu kujifungua alikuwa mnyonge na mwenye kulia ovyo, alicheka siku ile. Alisema mtoto atakapotimiza arubaini atatungiwa kikuba cha bustani ya nyumbani kwao.

Siku kumi na mbili baadaye, jioni, jirani yao, bibi mzee mwenyeji wa huko, alisimama uani akayatazama yale maua kwa muda mrefu. Akasema maneno ambayo mama hakuyafahamu, akaonyesha mbingu, akajikunja mabega. Usiku, baada ya Isha, mlango ukabishwa. Mkwe alikuwa kazini, binti amelala na mtoto. Mama, mgeni katika nchi ya watu, hakufungua.

Asubuhi jua lilipochomoza, nyasi zilikuwa nyeupe kama zilizonyunyiziwa chumvi. Kufika saa nne ya asubuhi mirehani yote ilikuwa myeusi, majani yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Asumini ilikauka siku chache baadaye. Maua ya jirani yalikuwa mazima, yanang'aa.

Mama aliunganisha mambo: yule aliyetazama sana, yule aliyesema asichokielewa, yule ambaye maua yake yamesalimika. Akanong'ona neno ambalo sote tunalijua: jicho. Binti akaacha kumwamkia jirani yule.

Adui hakuwa jicho

Aliyeyachoma maua yale ni jalidi, yaani umande unaoganda juu ya majani usiku wa baridi. Nasi tusidhani kuwa ni kitu cha Ulaya na Marekani pekee. Hapa hapa Kenya, wakulima wa chai wa Kericho na wa mboga wa Nyandarua huijua vyema. Miezi mikavu ya mwanzo wa mwaka huwaamsha wakakuta mashamba yameungua.

Jani limejaa maji. Baridi ikishuka chini ya kiwango cha maji kuganda, chembe za barafu hujiumba ndani ya jani, zikayanyonya maji ya seli na kuziharibu. Jua likitoka barafu huyeyuka, na jani halina tena kinachoyashika maji yake. Ndiyo maana mmea huonekana mzima alfajiri, kisha ukawa mweusi saa chache baadaye, na mtu akadhani kwamba kuna aliyepita akautendea jambo.

Iko mimea iliyozaliwa katika baridi, ambayo hujilinda kwa hali zake: waridi nyingi, tulipu na wenziwe. Lakini maua mengi yanayopendwa bustanini wakati wa joto asili yake ni nchi za joto. Zinia, tagetesi na dalia (si ile dalia yetu ya kujipaka, bali ua kubwa lenye petali nyingi) yametoka Mexico. Begonia, mrehani na asumini, yote ni ya nchi zisizoganda. Hayana kinga. Usiku mmoja wayatosha.

Nyuzi 36 zilizomhadaa mama

Mama huyu si kwamba hakuwa na hadhari. Jioni ile alitazama utabiri wa hali ya hewa kwenye simu ya binti yake, akaona usiku utakuwa nyuzi 36. Akajisemea: Mombasa yenyewe mwezi wa Februari haifiki hapo! Akalala kwa amani.

Wamarekani hupima kwa Farenhaiti. Kwao maji huganda kwenye nyuzi 32, ambazo kwetu ni sifuri ya Selsiasi. Nyuzi 36 zile zilikuwa kama 2 tu za kwetu. Na hata 2 haziwi salama, kwa sababu kipimajoto cha watabiri huwekwa juu kidogo kutoka ardhini, kiasi cha kimo cha mtu, ilhali usiku mtulivu usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na hewa iliyo karibu na udongo ikawa baridi kuliko iliyo juu yake. Mawingu ni kama blanketi. Yakiondoka, ardhi hulala uchi. Basi bibi yule aliyeonyesha mbingu alikuwa akisema hilo: mbingu i safi, hakuna upepo, usiku utakuwa mkali.

Tunawausia walio huko: utabiri wa usiku ukisoma chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, au 4 za Selsiasi, na anga ni safi, maua yafunikwe. Na ijulikane kwamba hewa baridi hutiririka kama maji, ikajikusanya mabondeni. Bustani iliyo chini ya mteremko huungua pale ambapo ile iliyo juu, au iliyoegemea ukuta wa nyumba, imesalimika.

Wastani si amana

Wenye bustani wa nchi hizo hupanga mambo yao kwa kitu kimoja: tarehe ya jalidi ya mwisho ya majira ya kuchipua. Huko Minneapolis wastani wake huangukia mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Kaskazini mwa jimbo hilo huchelewa zaidi, na mahali pengine jalidi huonekana hata Juni.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakiwemo wenyeji. Tarehe ya wastani haisemi kwamba baada yake jalidi haiji. Yasema kwamba karibu nusu ya miaka jalidi ya mwisho huja kabla yake, na nusu huja baada yake. Anayepanda siku hiyo amerusha sarafu. Ndiyo maana watu wazima wa Minnesota husubiri hadi katikati ya Mei au zaidi. Wa Kanada wengi husubiri mapumziko ya Siku ya Victoria, ambayo ni Jumatatu inayotangulia tarehe 25 Mei. Wajerumani husubiri zipite siku za tarehe 11 hadi 15 Mei, ambazo tangu zama za wazee wao huziita siku za Watakatifu wa Barafu. Uingereza wengi hawatoi maua yao mororo nje mpaka mwisho wa Mei.

Duka je, mbona liliyauza Aprili? Duka huuza pale mnunuzi anapokuja, na mnunuzi huja jua linapowaka. Kibandiko kilicho kwenye kopo pia chaweza kumpoteza mtu. Huandikwa nambari ya eneo, kufuata ramani ya Idara ya Kilimo ya Marekani yenye maeneo 13. Nambari hiyo hueleza ukali wa baridi ambao mmea waweza kuuhimili wakati wa theluji, wala haielezi siku ya kupanda. Minneapolis katika ramani ya 2023 imo eneo la 5, na asumini yetu huandikwa eneo la 9 na kuendelea. Maana yake ni kwamba asumini haitaishi nje mwaka mzima huko, hata ukiipanda siku gani. Nyumba yake ni chungu.

Wazee wetu walilijua hili

Tusiione hesabu hii kuwa ngeni. Mwaka wetu wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, na ni pungufu kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua. Kwa hiyo Ramadhani huzunguka, ikaingia masika na kiangazi, na huko Minnesota ikaingia theluji na joto. Mkulima na nahodha hawawezi kupanga kazi zao kwa kalenda hiyo. Ndipo wazee wa pwani wakatumia pamoja nayo mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, walioukata miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Kwa mwongo walijua mvua, pepo na mbegu ya kutia ardhini. Mtu aliyeingia shambani kwa sababu tu ameona wingu moja, aliitwa mwenye papara.

Jua la Aprili la Minneapolis ni kama lile wingu moja. Lapendeza, lakini usiku haujabadilika.

Kuhesabu kurudi nyuma

Basi mtu afanye nini, akae bure hadi Mei? La. Kazi huanza ndani ya nyumba, dirishani penye mwanga, na siri yake ni kuhesabu kurudi nyuma. Chagua kwanza siku ya kutoa miche nje. Tuseme ni tarehe 20 Mei.

Petunia huhitaji majuma 10 hadi 12 ya kukua ndani. Mbegu yake hutiwa kati ya mwisho wa Februari na mapema Machi. Impatiensi, ua ambalo tutarudi kulitaja, lataka majuma 8 hadi 10, yaani kuanzia tarehe 11 hadi 25 Machi. Mbegu zake ni ndogo na zahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo hazifukiwi. Tagetesi yatosha majuma 6, yaani tarehe 8 Aprili. Zinia majuma 4, tarehe 22 Aprili. Na mwenye uvivu wa vikopo aweza kuimwaga moja kwa moja bustanini mwisho wa Mei, kwani hukua upesi udongo ukiwa na joto.

Udongo nao una saa yake, na haufuatani na ya hewa. Hewa hupata joto kwa siku moja. Udongo uliokuwa umeganda miezi minne hupata joto polepole. Kiazi cha dalia kikizikwa katika udongo baridi wenye maji huoza kabla ya kuchipua. Kingojee hadi udongo ufike kama nyuzi 15 za Selsiasi, ambazo ni 60 za Farenhaiti. Kipimajoto cha udongo ni cha bei ndogo, na ni bora kuliko kukisia. Mrehani nao hata bila jalidi huchukia usiku ulio chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Majani hupata madoa meusi na mmea hudumaa. Mwenye pupa ya kuupanda mapema hapati chochote, kwani uliopandwa baadaye kwenye udongo wa moto huupita.

Mche nao huzoeshwa ugeni

Mche uliolelewa dirishani haujui upepo wala jua kali. Ukitolewa nje ghafula majani huungua yakawa meupe. Hivyo siku 7 hadi 14 kabla ya kupanda, utolewe kila siku: siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, kesho yake zaidi kidogo, kisha jua la asubuhi, na kila usiku urudishwe ndani. Kwa tarehe yetu ya 20 Mei, kazi hii yaanza kama tarehe 10.

Mama zetu wanaokwenda kulea uzazi wanaifahamu hekima hii. Mtoto wa siku saba hatolewi upeponi.

Khanga kuukuu na usiku wa hatari

Hata aliyesubiri huweza kushtukizwa. Mchana wa siku ile, mwagilia udongo, kwa kuwa udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko mkavu. Kabla ya Magharibi, funika maua kwa nguo: shuka au khanga kuukuu, ifike hadi chini ardhini pande zote, kwani joto linalookoa maua latoka kwenye udongo. Nailoni ikigusa majani hupitisha baridi, basi iepukwe au iwekwe juu ya vijiti. Baridi huwa kali zaidi karibu na kuchomoza kwa jua. Aliyeamka kwa Alfajiri akaona kumetulia, asikimbilie kufunua. Angoje jua lipande, kisha afunue, maua yasipikwe na joto la mchana. Vyungu ni vyepesi zaidi: huingizwa ndani.

Na mwaka ukigeuka, hesabu ni ile ile kwa upande wa pili. Jalidi ya kwanza hurudi Minneapolis aghalabu mwezi wa Oktoba, mara nyingine kabla. Asumini iliyo chunguni irudishwe ndani Septemba, usiku unapoanza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, iwekwe kwenye dirisha lenye jua jingi, maji yapunguzwe. Dalia huachwa hadi jalidi iyafanye majani yake meusi, kisha kiazi huchimbwa na kuhifadhiwa mahali pakavu, penye baridi isiyogandisha, hadi mwaka ujao.

Ua lililotoka kwetu

Turudi kwa jirani. Siku tano zilipita bila salamu. Siku ya sita mkwe alirudi kazini asubuhi, bibi yule akamsimamisha uani. Alitaka kumpa pole. Akamweleza kwamba jioni ile alikuja kuwaonya, na usiku akabisha mlango akiwa na mashuka mawili makuukuu mkononi, ya kufunika bustani yao. Hakufunguliwa, akaona haya kubisha tena kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Maua yake mwenyewe aliyafunika kwa blanketi, na alfajiri alilikunja kabla ya mama kuamka na kuona.

Mama alitusimulia hayo akiwa ameinamisha kichwa. Alisema kwamba maua yalimuuma siku moja, lakini dhana yake kwa mtu aliyekuja na mashuka mkononi ilimuuma siku zote alizobakia huko. Alimwambia binti yake amtafsirie, akaomba radhi. Bibi akacheka, akasema mwaka wake wa kwanza wa bustani naye aliunguza kila kitu.

Juma la tatu la Mei bibi aliwaletea trei ya miche ya impatiensi, maua ya waridi na meupe yanayopenda kivuli. Mama hakulijua jina lake, nasi tulipomwambia asili yake alishika kinywa. Ua hilo ni la Afrika Mashariki. Sir John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Zanzibar na mtaalamu wa mimea, alilipeleka kwenye bustani ya Kew, London, na mwaka 1882 likatangazwa kwa jina la *Impatiens sultani*, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Zama hizo alikuwa Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Baadaye wataalamu waligundua kuwa ndilo lile lililokwisha kuitwa *Impatiens walleriana*, na jina la Sultani likaachwa. Leo ni miongoni mwa maua yanayopandwa sana katika bustani za nchi za baridi, na kila mwaka huuawa na jalidi, na kila mwaka hupandwa upya.

Neno *impatiens* kwa Kilatini maana yake ni asiyesubiri, kwa kuwa tumba lake la mbegu likiiva, ukiligusa tu hupasuka. Ua lisilosubiri, na halipandiki ila na mwenye subira.

Waliyapanda tarehe 24 Mei, usiku wa nyuzi 55 za Farenhaiti, na safari hii waliuliza maana ya nyuzi hizo kabla ya kulala. Arubaini ya mtoto ilikuwa imepita bila kikuba. Mama aliporejea Mombasa mwezi wa Julai, aliacha ukuta mzima umejaa maua, mrehani mpya unanukia chini ya dirisha, na binti yake amekaa kibarazani na bibi jirani, mtoto akiwa mikononi mwa bibi.

Wenye watoto huko, wapelekeeni ukurasa huu. Wapeni hesabu ya majuma, waambieni wahifadhi khanga kuukuu mbili kwa ajili ya Mei, na mlango ukibishwa usiku, wachungulie dirishani kwanza wamjue ni nani. Allah awahifadhi walio mbali, na atujaalie dhana njema kwa majirani zetu, walio huko na walio hapa. Amin.